Nimemkuta aliyenilea kwenye mwamba uliofungwa: fikra tunduizi itanisaidia nini?

Swali: Assalaamu alaykum Mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya uvuvi ya shehia yetu, huku kusini mwa Pemba. Mwamba wetu wa pweza tumeufunga kwa miezi mitatu na zimebaki wiki tatu kuufungua. Bamvua lililopita nilikuwa zamu ya doria, nikamkuta mke wa marehemu ami yangu ana pweza wawili kikapuni, ndani ya mpaka. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Ni mjane, ana wajukuu watatu nyumbani, mmoja anaumwa, na ana deni dukani. Mwenzangu wa zamu alikuwa mbali, hakuona. Mwezi uliopita tuliwakamata vijana wa shehia ya jirani, tukawatoza elfu hamsini kila mmoja na kuwanyang'anya walichovua. Nimewauliza watu wawili ninaowaamini bila kutaja jina. Mmoja akanikumbusha Hadithi ya Fatma, mwengine akanitajia Sayyidna Omar na mwaka wa njaa. Na kuna sauti inazunguka WhatsApp kwamba mwenyekiti wetu mwenyewe aliufungua mwamba usiku kwa ajili ya tajiri mmoja. Semina tuliyopewa walisema kiongozi lazima awe na fikra tunduizi, lakini mkufunzi aliandika maneno hayo kwenye karatasi ukutani akaendelea na mengine. Ni kitu gani hasa, na mimi hapa kitanisaidia nini? Na daftari la doria nimeliacha tupu kwa siku ile, niandike nini? Ni pweza wawili tu, Mwalimu.

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu, na pole kwa mzigo huo.

Nianze na lile ulilonyimwa semina. Fikra tunduizi ni kuzipima sababu kabla ya kukubali jambo au kulitenda, na kuzipima sababu zako mwenyewe kwa mizani ileile unayowapimia wenzako. Nusu ya kwanza hakuna anayeikataa. Ya pili ndiyo nzito, na ndiyo inayokuhusu.

Mwanafalsafa wa Kimarekani John Dewey aliieleza mwaka 1910 kuwa ni kulitazama kwa makini, bila kuchoka, jambo unaloliamini: misingi inayolibeba na matokeo linakoelekea. Yaani unatazama nyuma ukauliza naliamini hili kwa nini, kisha unatazama mbele ukauliza nikilishika litanifikisha wapi. Mwaka 1990 wataalamu 46, walioulizwa kwa awamu kadhaa kwa niaba ya chama cha wanafalsafa cha Marekani, walikubaliana juu ya maelezo marefu zaidi. Ndani yake kuna kufasiri, kuchambua, kutathmini na kutoa hitimisho, lakini kinachonivutia mimi ni kwamba waliliita jambo hilo hukumu inayojirekebisha, na katika sifa za mwenye nayo wakaweka kuukabili kwa ukweli upendeleo wake mwenyewe na kuwa tayari kufikiri upya. Wakufunzi wengi hupita hapo mbio. Wanafundisha kuchambua hoja za wengine, mtu anatoka semina amekuwa mbishi zaidi kuliko alivyoingia.

Na ubishi sio fikra tunduizi. Kila baraza la Unguja na Pemba lina mtu wake asiyeshindwa kwa maneno. Kahawa inaisha, yeye bado anazo hoja. Ukimchunguza sana utaona hajawahi kubadilisha rai yake hata siku moja. Wala sio kumshuku kila mtu, maana anayeshuku kila kitu amejipunguzia kazi sawasawa na anayeamini kila kitu. Wote wawili hawachunguzi.

Nikuoneshe jambo moja. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason, huko London, aliwapa watu namba tatu: 2, 4, 6. Akawaambia namba hizi zinafuata kanuni niliyonayo kichwani. Nipeni tatu nyengine, nitakuambieni kama zinafuata au hazifuati, na mkishakuwa na yakini itajeni kanuni yenyewe. Jaribu mwenyewe kabla hujaendelea kusoma. Wengi walidhani kanuni ni kuongeza mbili. Wakasema 8, 10, 12. Ndiyo, zinafuata. Wakasema 20, 22, 24. Ndiyo. Wakaitaja kanuni yao kwa kujiamini, na wakawa wamekosea. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Hata 1, 2, 3 ingefuata, hata 5, 40, 900. Lakini ili kulijua hilo ilibidi mtu ataje namba ambazo kwa dhana yake yeye zingekataliwa, na wengi hawakufanya hivyo. Waliuliza tu pale walipotarajia kuambiwa ndiyo.

Sasa turudi kwenye barua yako, ambayo nimeisoma kwa penseli mkononi. Kuhusu huyu mama umenieleza ujane, wajukuu, ugonjwa, deni na malezi. Kuhusu wale vijana umenieleza shehia wanayotoka na fedha mlizowatoza, basi. Kwao kuna mgonjwa? Hujui, kwa sababu hukuuliza. Umenipa sababu tano za kunyamaza, hukunipa hata moja ya kusema. Halafu ukafunga barua kwa "pweza wawili tu", maneno ambayo nina hakika hukumwambia kijana yeyote mlipokuwa mnahesabu faini yake. Sikulaumu. Moyo ukishalitamani jibu, akili hugeuka wakili wake, na wakili hodari hafichui ushahidi unaomuumiza mteja. Ila wewe unahitaji kuwa na kitu zaidi ya wakili.

Magomvi mengi yanayoitwa ya maadili huwa kwanza ni magomvi ya habari, na habari hupatikana kwa kwenda kuziuliza. Mpaka ulikuwa wapi hasa? Kama mmeuwekea maboya, yote yapo mahali pake, au moja limeng'olewa na mawimbi na kila mtu anakisia? Kwa mtu anayetembea kwa miguu maji yamekupwa, anayetazama chini kwenye matundu, mstari uliochorwa kwenye ramani ya kamati hauonekani. Alijua kuwa yuko ndani? Siku ya mkutano wa kufunga mwamba alikuwepo, au waliokuwepo ni wapiga mbizi na wenye ngarawa? Mwamba mlioufunga ni upi: ule wa maji makubwa unaofikiwa kwa chombo, au ule wa karibu ambao wanawake huushukia kwa miguu wakati wa bamvua?

Hili la mwisho nalitilia mkazo. Ukifunga mwamba wa karibu, mwenye chombo anakwenda mwamba mwengine, na mwanamke mwenye kikapu na kijiti hana pengine pa kwenda. Kufunga ni kule kule, gharama si ile ile. Kamati inaweza kuwa imetunga kanuni nzuri kwa pweza na isiyo ya haki kwa watu fulani, na hili hutaliona ukibaki kuuliza "amevunja au hakuvunja". Ila angalia usiifanye hoja hii kichaka cha kujifichia. Kama kanuni inawaonea wanawake wa miguu, inawaonea wote, na dawa yake ni kuibadilisha mkutanini. Kumpitisha mmoja kwa siri hakuwasaidii waliobaki.

Na hao pweza wawili? Tuwapime kwa haki, maana katika hoja zako hii ndiyo inayoonekana ina nguvu kuliko zote. Pweza wa mwambani, yule ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, ana umri mfupi, mwaka mmoja au kuzidi kidogo, na hukua kwa kasi kubwa. Ndiyo maana kufunga kwa miezi michache tu kunaonesha matokeo, tofauti na samaki wanaochukua miaka kukomaa. Kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilijaribu mwaka 2004 na habari zikaenea pwani yote hii hadi kwetu. Jike hutaga mara moja katika maisha yake: hujifungia tunduni na mayai yake, huyalinda bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Kwa hiyo "wawili tu" haina maana moja. Wakiwa madume wawili, mwamba hautajua kitu. Akiwa mmoja wao ni jike lililokuwa juu ya mayai, aliyetolewa si mmoja. Wewe hujui ni yupi kati ya hao. Basi huwezi kuitumia hoja ya udogo wa madhara kana kwamba umeyapima.

Tuchukulie umeyapima, na ni madogo kweli. Bado hoja haitoshi, kwani hapa hatuhesabu pweza peke yao. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, aliishughulikia kwa miaka mingi shida kama yako: misitu, malisho, mifereji ya maji na maeneo ya uvuvi yanayotumiwa na wengi. Kabla yake ilienea rai kwamba mali ya wote lazima ifujwe, ila ichukuliwe na serikali au auziwe mtu mmoja. Yeye akaonesha jamii nyingi zilizoweza kuilinda mali ya pamoja kwa kanuni zao wenyewe, nyengine kwa mamia ya miaka. Na moja ya mambo aliyoyaona ni kwamba mtu wa kawaida yuko tayari kujizuia, kwa sharti moja: aone kwamba na wenzake wanajizuia. Siku atakayojua kwamba mpaka una mlango wa jamaa za katibu, hatangoja barua. Atashuka na kikapu chake, na atakuwa na hoja.

Lakini Ostrom aliona na jambo la pili, ambalo kamati zetu hulisahau zikishapata kitabu cha stakabadhi: adhabu katika jamii hizo huanza ndogo, kisha hupanda kwa anayerudia. Huko Valencia, Uhispania, mahakama ya wakulima wanaogawana maji ya mifereji hukaa kila Alhamisi nje ya mlango wa kanisa kuu, mbele ya kila anayetaka kusikiliza, na mashauri husemwa kwa mdomo. Wanaohukumu ni wakulima wenyewe. Mtu anayejua kwamba jina lake litatajwa pale ana sababu ya kutosha ya kuheshimu zamu ya jirani yake. Mkosaji wa mara ya kwanza anahitaji kujua kwamba ameonekana, kufilisiwa hakuongezi kitu. Elfu hamsini kwa kosa la kwanza, kwa kijana anayeishi kwa kinachotoka baharini, mimi naona ni nyingi, na naona hivyo kwa wale vijana kabla sijafika kwa huyu mama.

Ile sauti ya WhatsApp nitaipitia haraka, inastahili haraka. Sisi ambao tumesoma chuo cha Kurani tumefundishwa tangu wadogo kwamba habari ina isnadi: nani kapokea kutoka kwa nani, na kila mmoja katika mnyororo huo ni mtu wa namna gani. Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuichunguza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Iulize sauti hiyo: anayesema ni nani, aliona au aliambiwa, usiku upi, pweza walipelekwa diko gani? Ikiwa hakuna jibu, huna habari, una kelele. Na hata ikithibitika, mwenyekiti ana kesi yake. Makosa yake hayaingii kwenye kikapu cha mtu mwengine. Nimeona watu wazima kabisa, wenye vyeti, wanashinda mijadala kwa "na fulani je?", kana kwamba dhambi ya pili inaifuta ya kwanza.

Nakuja kwenye mambo mawili uliyosomewa, na hapa nataka tukae kidogo.

Hadithi ya kwanza iko kwa Bukhari na Muslim. Mwanamke wa ukoo mtukufu wa Bani Makhzum aliiba, jamaa zake wakaona haya, wakamtuma Usama bin Zayd amuombee kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Akakasirika, akaeleza kwamba waliotangulia waliangamia kwa sababu akiiba mtukufu walimwacha na akiiba mnyonge walimwadhibu, na kwamba lau Fatma binti yake mwenyewe angeiba, asingemwacha. La pili ni lile lililopokewa kutoka kwa Sayyidna Omar: mwaka wa Ramada, mwaka wa 18 Hijria, njaa ilipowashika watu, hakuitekeleza adhabu ya wizi kwa waliolazimishwa na njaa.

Rafiki yako mmoja kachukua ya kwanza, mwengine kachukua ya pili, na wewe umekaa katikati ukidhani dalili zinagongana, kwa hiyo unaweza kuchagua ile inayokupendeza. Mtego huu unawanasa wengi, wasomi na wasio wasomi. Methali zetu zinatupa nafasi hiyo hiyo kila siku: anayetaka kumtetea ndugu atakwambia damu nzito kuliko maji, anayetaka kumwadhibu atakwambia mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Dalili ukiitafuta baada ya kuamua, utaipata tu.

Sasa ziweke mbili hizo pamoja na uulize zinakubaliana wapi. Katika ya kwanza kilichokataliwa ni mtu kuachwa kwa sababu ya jina lake. Katika ya pili Omar hakumwacha mtu kwa sababu ya jina lake; alitazama hali ya watu, na nafuu aliyoitoa ikawa ya kila aliyepatwa na njaa ile, waziwazi, na aliitoa mwenye mamlaka ya kuitoa. Hakuna mgongano. Zote zinasema huruma iwe kanuni, isiwe siri. Mafakihi wanasema dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na mara hiyo hiyo wanasema dharura hupimwa kwa kadiri yake. Watu hupenda kuishia sentensi ya kwanza. Kwa hiyo swali halali ni hili: je, wajukuu wale walikuwa hawana chakula siku ile, au pweza wale walikuwa wa kupunguza deni la dukani? Yote mawili ni shida, lakini si dharura moja. Na kama ni dharura kweli, basi na kijana wa shehia ya jirani mwenye mama mgonjwa anayo ya kwake.

Jaribio ninalowapa wanafunzi wangu ni la kubadilisha majina. Chukua habari nzima, weka shangazi wa mwenyekiti mahali pa aliyekulea, weka mwenyekiti mahali pako, kisha jisikilize unavyosema. Ukiona hukumu imegeuka ilhali hakuna kilichogeuka ila majina, umekipata kilichokuwa kinaibeba. Kant, Mjerumani, alilisema kwa namna yake: tenda kwa kanuni ambayo ungeridhia iwe ya kila mtu. Wanaopima mambo kwa manufaa na madhara watakufikisha karibu na hapo kwa njia nyengine, ile ya Ostrom. Lakini usidhani majaribio haya yanamaliza kila kitu. Deni lako kwa mtu aliyekulisha halimo katika jaribio la kubadilisha majina, nalo ni deni la kweli. Anayekwambia usahau deni hilo hajafikiri kwa ukali, amefikiri nusu.

Ndipo tunapofika penye fundo lenyewe. Suratun Nisaa aya ya 135 inawataka waumini wasimame kwa uadilifu, wawe mashahidi hata dhidi ya nafsi zao, wazazi na jamaa, awe ni tajiri au masikini. Aya inazungumzia ushahidi. Haikwambii wewe utoe adhabu. Wewe, mwanangu, pale mwambani ulikuwa watu watatu: shahidi aliyeona, mtoto aliyelelewa, na katibu wa kamati inayohukumu. Uliponyamaza ulidhani umeahirisha uamuzi. Hukuahirisha. Ulikaa kitini peke yako, ukasikiliza upande mmoja, ukamwachia huru, na kikao hicho hakikuwa na mtu mwengine. Ushahidi umeuzuia na hukumu umeitoa, wakati ilitakiwa kinyume chake.

Rai yangu, basi. Mwende kwanza huyu mama, wewe mwenyewe, nyumbani, kabla ya mtu yeyote wa kamati. Hilo ni haki ya malezi. Muulize yale usiyoyajua: alijua mpaka, nini kilimpeleka, nyumbani kuna nini. Msikilize kama mtoto anavyomsikiliza mama. Kisha mwambie wazi kwamba huwezi kuificha, na umpe nafasi aende kwa mwenyekiti au kwa sheha kusema mwenyewe, ukiwa pamoja naye akitaka. Kosa linalosemwa na mwenyewe lina uso mwengine kabisa mbele ya kikao. Mpe siku chache, usizidishe. Ukingoja mwamba ufunguliwe, kila mtu atajua ulikuwa unangoja nini.

Katika kikao, la kwanza kulisema ni udugu. Toa ushahidi wako, jibu maswali, halafu utoke nje wakati wa kuamua, na mwengine aandike kumbukumbu. Usibaki ndani "ili uhakikishe haki imetendeka". Kila mwenye maslahi anayebaki ndani husema hivyo.

Wakati huo huo, kama mjumbe na si kama jamaa, peleka hoja ya pili kwenye ajenda, uiandike kabla ya kesi yake kusikilizwa ili isionekane imeshonwa kwa ajili yake: adhabu ya kosa la kwanza iwe onyo na kurudisha kilichovuliwa, faini ianze kwa anayerudia, na kiwepo kifungu cha dhiki kinachosema nani anaweza kuomba, kwa nani, na mbele ya nani. Muulizane pia kama msimu ujao sehemu ya mwamba wa miguu iachwe wazi. Soma kwanza kanuni ndogo mlizozisaini. Huenda hata uwezo wa kutoza kiasi hicho hamna, na hilo nisingependa mlijue kwa mara ya kwanza siku mtakayoshitakiwa.

Wajukuu nao wasingoje kikao. Mtoto anayeumwa apelekwe kituo cha afya leo, na kama unacho cha kumsaidia huyu mama dukani, mpe kutoka mfukoni mwako. Hapo ndipo udugu una kazi yake. Ulikuwa unataka kumlipa kwa mali ya shehia, nayo si yako kuigawa.

Je, atakasirika? Huenda. Huenda na ukoo ukasema umemuuza mama yako kwa pweza. Sina hoja ya kuliondoa hilo, na simwamini mwalimu anayedai kwamba ukifikiri vizuri hutaumia. Kuna maamuzi ambayo yakiwa sahihi kabisa bado yana mtu wa kuombwa radhi. Ila kumbuka na upande wa pili wa hesabu: mwenzako wa zamu hakuona, lakini mwambani wakati wa bamvua watu ni wengi, na huyu mama alirudi kijijini na kikapu mchana kweupe. Siri unayoilinda inawezekana si siri. Ikitoka kwa mdomo mwengine, yeye ndiye atakayekuwa mke wa ami yake katibu aliyefichiwa, na hakukuomba umfichie. Hukuniandikia popote kwamba aliomba.

Uliniuliza pia uandike nini kwenye daftari la doria ambalo mpaka sasa umeliacha tupu kwa siku ile. Andika leo, na uandike kwamba unaandika leo. Tarehe, saa, hali ya maji, mahali kwa kutaja alama inayojulikana na wote, umbali unaokadiria kutoka kwenye boya, nani ulimkuta, pweza wangapi, na kwamba mwenzako hakuwa karibu. Usiandike "aliiba" wala "aliteleza". Usiandike ujane wake. Atausema mwenyewe kikaoni. Kisha ufungue kurasa za mwezi uliopita, utazame yaliyoandikwa kuhusu wale vijana. Kama hayana kiwango hicho hicho cha maelezo, kamati inawajibika kuwaita, kuwasikiliza upya, na ikibidi kuwarudishia sehemu ya fedha zao kabla haijamsikiliza mtu mwengine yeyote.